Mkono wa Baba

Nilizijua herufi kwa kijiko kabla ya kalamu.
Baba alikigonga ukingoni mwa sahani:
nukta tatu, kisha nukta na mstari,
na Mama Edelmira, bila kuupa moto mgongo, alijibu:
"Eleuterio, hapa si kambini. Chumvi iombwe kwa mdomo."

Miaka kumi na tisa jeshini, kikosi cha mawasiliano,
milima ya Aysén, ambako upepo hauombi ruhusa,
waya begani, na betri mgongoni
nzito kama ndama aliyekufa.
Hakupata kumlenga mtu. Kazi yake ilikuwa sikio.
La kushoto likachakaa kwanza,
kama soli ya kiatu cha mtu achechemeaye.

Mwaka ule majirani walipoelekezeana mizinga
kwa ajili ya visiwa ambavyo Baba hakuwahi kuviona,
alipewa shimo, turubai na amri: sikiliza upande wa pili.
Akasikiliza. Usiku wa kumi na moja
akamjua mmoja wao kwa mkono,
maana mkono wa mpiga simu ni kama mwendo wa mtu,
haufichiki hata gizani.
Huyu aliivuta Q
kama anayevuta mlango uliovimba kwa mvua.
Baba akamwita Mlango.
Aliripoti yote: saa, masafa, idadi ya herufi.
Hakuripoti kwamba usiku mmoja Mlango alikosea,
akafuta, akakosea tena,
na kwamba yeye, adui, humo shimoni,
alimnong'oneza: polepole, ndugu, polepole.

Vita havikuja. Viligeuka njiani
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kisha akavua magwanda, akavaa koti la rangi ya chungwa.
Chumba cha dharura, juu ya gari la zimamoto:
simu mbili, ramani moja, jiko la kuni.
Huko vita vilikuja kila usiku, vipande vipande.
Mwanamke akijifungua, na daraja limekatika.
Mtoto aliyesema baba yangu amelala, haamki,
Baba akakaa naye simuni dakika hamsini,
wakihesabu pamoja kondoo wa zizini
mpaka taa za gari zikatokea.
"Walifika?" tulimuuliza.
"Walifika." Chakula hakukigusa.

Mama alisema: humsikia kila mtu wa mkoa huu, ila mimi.
Hakuwa akitania.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mlima ulipopasuka.
Saa sita mchana ikawa usiku. Jivu likashuka
kama unga unaochekechwa na mtu mwenye hasira,
minara ikanyamaza, simu zikafa mojamoja.
Baba akatoa kabatini redio yake ya zamani,
akafuta kigongeo cha shaba kwa pindo la shati,
akaita. Akaita. Saa tatu akiliita jivu.

Jibu likaja kutoka ng'ambo ya mpaka, dhaifu,
maana jivu letu liliwaangukia na wao:
Mko wangapi? Wapi? Mnahitaji nini?
Nikamwona Baba akishika meza.
Ile Q.

Hawakuulizana majina. Usiku kucha walipeana
vitanda, maji, malori, farasi waliopofuka.
Kulipokucha, kama kulikucha,
Mlango akaongeza jambo lisilo la kazi:
mkono wako naujua.
Baba hakujibu upesi. Alipojibu alikosea,
akafuta, akakosea tena.

Sasa masikio yote mawili yamestaafu.
Walimpa saa ya ukutani, nayo huchelewa.
Mimi huongea naye kwa kidole, juu ya kiganja chake,
habari za mvua, bei ya kuni, nani kafariki.

Jana mezani Mama,
aliyeapa maisha yake yote kwamba hajui herufi hata moja,
akachukua kijiko.
Akagonga taratibu, kwa mkono wa mtu
aliyejifunza kwa siri miaka arobaini:
Supu inapoa.

Baba akainua uso.
Akala.
Hakuomba chumvi.